Kamba ya Eldrid

Jirani ndiye aliyemwambia Åslaug maneno anayoyasema kaka yake kwenye meli ya watalii. Hakuamini. Akavaa koti, akakata tiketi kama mgeni, akakaa nyuma kabisa na kikombe chake cha kahawa huku watalii wakipiga picha maporomoko ya maji pande zote mbili za fyodi, mkono mwembamba wa bahari kati ya majabali.

Nahodha alikuwa huyo kaka yake, Torgils, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko usukani. Walipofika chini ya Skarbakken, shamba walikozaliwa, juu kabisa kwenye jabali, alipunguza mwendo na kushika kipaza sauti.

"Huko juu watoto walifungwa kamba kiunoni kama mbuzi, wasije wakatumbukia majini! Mama mmoja, siku moja, akasahau kufunga. Labda umbea ulimnogea!"

Watalii wakacheka. Åslaug damu ikamchemka. Mama kusahau? Mama alikuwa akifunga fundo, analivuta, analivuta tena, ndipo anakwenda kukamua mbuzi. Baba ndiye aliyemfungua Eldrid, mdogo wao, kwa kuwa alikosa kamba ya kufungia majani makavu. Åslaug na Torgils walikuwa pale pale wanatazama. Eldrid akatumbukia. Siku ya mazishi yake, mbele ya majirani, Baba huyo huyo akauliza ni nani aliyesahau kamba. Mama akainamisha kichwa, na hakukiinua tena hadi alipokufa.

Åslaug aliingia chumba cha usukani bila kubisha hodi.

"Rudia ulichosema."

"Aa, Åslaug! Mbona hukuniambia unakuja? Kunywa kahawa kwanza, mdogo wangu."

"Kahawa yako mwaga. Nani alisahau?"

"Ni hadithi tu. Watu wamekuja kufurahi."

"Wafurahi kwa kumcheka Mama? Huna haya, Torgils! Kamba uliiona mkononi mwa Baba, kama nilivyoiona mimi."

"Baba ameshakufa. Unataka nimchafue kaburini?"

"Kwani Mama yu hai?"

Torgils akageuza usukani kuelekea gatini.

Gatini watalii walishuka, wengine wakapanda. Åslaug hakushuka. Alihamia benchi la mbele, lililotazamana na usukani, akakunja mikono kifuani.

"Shuka basi," Torgils alimsihi dirishani. "Jioni nakuja kwako, tutazungumza."

"Sishuki. Tukifika pale, useme kweli. Ukinyamaza, nitapanda tena kesho, na kesho kutwa, na kiangazi chote. Ukidanganya, nitasema mimi."

Chini ya Skarbakken meli ikapunguza mwendo. Torgils akashika kipaza sauti, akakohoa.

"Huko juu mama yetu alimfunga mtoto kamba," alisema. "Baba yetu akamfungua."

Hakuna aliyecheka. Akamtazama dada yake, akitumaini yamekwisha.

"Mtoto nani?" Åslaug akauliza kwa sauti, watu wote wakasikia. "Mtaje."

Torgils akafungua mdomo. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu mazishi, nalo halikutoka. Åslaug hakumsaidia. Alimngoja.