Kabange Ametoka Kijani

Umeme ulirudi Jumamosi asubuhi, Estelle akiwa bado na mikono ya sabuni, wala hakungoja ikauke. Alijifuta kwenye kitenge, akaingia sebuleni, akaivua mashine yake ya kuchapa picha kitambaa cha kufuma alichokuwa ameifunikia, akachomeka waya. Ndani ya mashine kitu kikagonga, kikasita, kikatambaa kwenda upande mmoja na kurudi kama mtu anayetafuta viatu gizani. Estelle akafanya ishara ya msalaba, akaituma picha kutoka kwenye simu.

Karatasi ilitoka polepole. Kwanza ukuta wa parokia, halafu taji la maua, halafu paji la uso. Binti yake Kabange, siku ya komunyo yake ya kwanza, alikuwa anatoka kwenye mashine na rangi ya kijani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, na mistari myeupe imempita usoni toka sikio hadi sikio.

Kando yake mezani ililala picha ya Kyungu, pacha wake. Hiyo ilitolewa Alhamisi, nayo ilikuwa nzuri kiasi kwamba mtu angetaka kumgusa mtoto shavu. Ngozi ilikuwa ngozi yenyewe, ya kahawia yenye joto. Ya Kabange ilikuwa ifuate papo hapo, na kweli ilianza kufuata, lakini umeme ukakatika karatasi ikiwa katikati.

Kabange mwenyewe alikuja akasimama kwenye kiwiko cha mama yake, akaitazama karatasi kwa muda.

"Mama, mimi niko mugonjwa?"

"Hapana. Mashini njo iko mugonjwa."

"Basi ju ya nini Kyungu hakugonjwa?"

Kyungu, aliyekuwa mlangoni, akajibu kabla ya mama. "Ju mimi njo mukubwa. Wewe ulitoka nyuma, wino ilikuwa nakwisha."

Estelle aliwafukuza wote wawili nje, akarudi kuitazama ile karatasi kana kwamba ingebadilika kwa kutazamwa.

Picha hizi hazikuwa za kuwekwa ukutani. Zilikuwa za kwenda Lukafu, kwa mama mkwe wake, Mama Mwenya, ambaye tangu mapacha wazaliwe hajawahi kukanyaga nyumba ya Estelle. Ugomvi wao ulianza wiki ile ile ya uzazi. Mama Mwenya alikuja kwao, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, na wanawake wa ukoo, wakiwa na unga mweupe wa kujipaka na zile nyimbo za mapacha ambazo kwao huimbwa tangu zamani, zinazotaja mambo ya chumbani bila haya wala kificho. Estelle, aliyelelewa na rozari mkononi, alisimama mlangoni na kanga ya uzazi kiunoni akasema nyimbo hizo haziingii kwake. Hakusema kwa ukali, lakini alisema. Mama Mwenya aligeuka na wanawake wake. Mumewe Estelle, Liévin, anayefanya kazi ya mgodi Kolwezi na kurudi nyumbani kwa zamu, alijaribu kuwapatanisha mara nyingi, mwisho akachoka, akawa anasema tu kwamba hao ni wanawake wawili wenye vichwa vya mawe na yeye ni mwanamume mmoja.

Sasa wiki hii wifi yake Abigaïl, dada ya Liévin, alikuwa amempigia simu na kusema maneno ambayo Estelle alimwomba ayarudie. Mama Mwenya anaumwa miguu, hatembei tena mbali. Ameomba picha za wajukuu. Hataki za simu, kwani simu yake ni ile ndogo ya kubonyeza. Anataka za kushika mkononi. Abigaïl anapanda Lukafu Jumamosi alasiri na lori linalofuata mahindi, kwa hiyo picha zimfikie kabla.

Katika miaka yote, hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo mama mkwe wake alimwomba. Estelle alimshukuru Mungu akiwa amepiga magoti jikoni, na tangu hapo hakulala vizuri.

Alijua vilevile sheria ambayo haikuhitaji kutajwa. Kwa watu wa akina Liévin, mapacha hupewa sawa. Ukimnunulia Kyungu kandambili, unamnunulia Kabange siku hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Ukimkaripia mmoja, mwenzake naye apate chake. Kupeleka picha moja nzuri na nyingine mbaya ni sawa na kupeleka ujumbe, na Mama Mwenya angeusoma kabla hajavaa miwani: huyu mwanamke aliyekataa kuwaimbia mapacha wangu, sasa amemdharau mmojawao.

Alimpigia Désiré, kijana mwenye duka la vifaa mjini, aliyemuuzia mashine. Désiré ndiye aliyemsaidia kuchagua. Alikuwa amemwonyesha ile ndogo ya katriji, ya bei ya chini, lakini akamwambia wazi kwamba katriji zake za wino, za kununua kila mara, zitammaliza. Akamwonyesha ya laser, inayofaa barua lakini picha zake zinatoka kavu, hazina uhai. Mwisho wakakubaliana juu ya hii yenye matangi manne ya kujaziwa wino kwa chupa. Alimwagiza pia kuitunza: kila wiki atoe karatasi moja yenye rangi zote, hata kama hana picha, ili wino usilale. Estelle alifuata. Kila Ijumaa baada ya misa ya asubuhi alitoa picha ya Bikira Maria katika vazi la buluu, mpaka majirani wote wakawa nayo.

Désiré alimsikiliza, kisha akauliza kama umeme ulikatika mashine ikiwa kazini. Estelle akakubali. Akauliza alifanya nini baadaye.

"Nikachomoa waya, sawa bantu bote."

"Njo vile ulikosea, Maman. Kichwa kilibaki inje."

Akamweleza. Ndani ya mashine kuna kichwa kinachotema wino, nacho kina nyumba yake pembeni, yenye kifuniko laini. Kikimaliza kazi kinarudi nyumbani, kinafunikwa, wino haukauki. Umeme ukikatika ghafla kinabaki wazi katikati ya njia. Unaporudi, kitu cha kwanza ni kuacha mashine ijiwashe na kukirudisha, kisha uizime kwa kitufe chake chenyewe, ndipo uchomoe.

Estelle alisikia aibu, lakini alijua pia kwa nini alichomoa. Umeme wa Lubumbashi ukirudi hurudi kwa nguvu, na mwaka jana uliwachomea friji. Usiku wa Alhamisi ulirudi kwa muda, wote wamelala. Mashine haikupata hata tone, kwani waya ulikuwa chini. Akawa ameilinda na kifo kimoja akaipeleka kwenye kingine. Kichwa kilikaa wazi tangu Alhamisi, katika upepo huu wa Agosti unaokausha hata midomo, chini ya kitambaa chake kizuri cha kufuma.

Désiré alisema wino wa waridi ndio ulioziba, ndiyo maana uso umetoka kijani. Asafishe kichwa mara moja kwa kitufe cha mashine cha kusafishia, halafu aiache saa kadhaa wino ulainike wenyewe. Asiisumbue. Kile kichwa, alisema, si sufuria ya kukwangua.

Kuacha ndiko kulikomshinda. Alisafisha mara moja, kama alivyoambiwa. Akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi, akazirudisha kwenye kamba. Akaanza rozari, akajikuta anasema Salamu Maria huku sikio liko sebuleni. Alijiambia kwamba labda umeme utakatika tena kabla ya alasiri, na wazo hilo likampeleka mbio kwenye mashine. Akatuma picha kwenye karatasi ya kung'aa bila kujaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Kabange akatoka kijani. Akasafisha tena, akatuma tena. Mistari ilipungua kidogo, lakini uso ulikuwa bado wa mtu wa kuzimu. Alipofungua pakiti ya karatasi za kung'aa kwa mara nyingine alikuta imebaki moja.

Hapo akaketi. Aliweka mikono yote miwili chini ya mapaja ili isiguse kitu.

Abigaïl aliingia mchana na begi lake la safari, akanywa maji, akazitazama picha mezani bila kuombwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. Alisema ile ya kijani akimpelekea mama, mama ataanza kumlilia mtoto kabla ya kuuliza habari.

Estelle akasema labda apeleke ya Kyungu kwanza, ya Kabange ifuate. Abigaïl akamtazama tu, na Estelle akaondoa neno hilo mwenyewe. Akasema basi atakimbia studio ya sokoni, watoe ya Kabange huko.

"Moja ya studio, moja ya hapa," Abigaïl akasema. "Mapasa wa baba mbalimbali?"

Estelle hakutaka kucheka, lakini alicheka, na kicheko kikamtoa machozi. Kweli, studio ile ilikuwa na karatasi nyingine na rangi nyingine, nayo ilikuwa na tabia ya kuwang'arisha watu mpaka mtoto wa Katuba anatoka kama amelelewa kwa maziwa ya Ulaya. Na kutoa zote mbili upya huko, wangemwambia arudi Jumatatu.

Abigaïl alikwenda kumtafuta mwenye lori kwa simu. Estelle alibaki na ile karatasi moja. Alitoa jaribio kwenye karatasi ya kawaida: waridi ulikuwa umerudi, si wote. Uso wa Kabange sasa ulikuwa wa kahawia, wa mtoto mzima, isipokuwa mistari myembamba iliyoonekana ukiisogeza karibu. Mgeni asingeiona. Lakini ukiiweka kando ya ile ya Kyungu, jicho lilijua mara moja nani alipendwa.

Akaomba. Hakuomba mashine ipone. Aliuliza, kwa maneno ya kawaida, kama anachotetemekea ni desturi, au ni mama mkwe, au ni kitu kingine. Yeye aliyewarudisha wanawake mlangoni kwa ajili ya desturi, leo anahangaika kwa ajili ya mistari myembamba. Alipowatazama watoto dirishani, wamechuchumaa na kugawana muwa, Kyungu akikata kipande, akikipima kwa cha mwenzake, akiuma kilichozidi, aliacha kuuliza. Aliinuka tu.

Aliziweka picha zote mbili kwenye simu pamoja, ubavu kwa ubavu, Kyungu kwanza kama walivyozaliwa, akaziagiza kwenye karatasi ile moja. Kila uso ulitoka nusu ya ukubwa. Mistari myembamba ilianza kwenye sikio la Kyungu ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye sikio la Kabange, bila kuruka yeyote.

Ile picha nzuri ya Kyungu peke yake hakuipasua, mkono haukukubali. Aliilaza kifudifudi, mpaka siku mwenzake atakapopata ya kwake.

Abigaïl aliiangalia karatasi, akaigeuza kwenye mwanga. Hakusifu. Aliitia katikati ya kanga mbili begini, akasema kwaheri ya haraka, kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi.

Jumapili Estelle hakusikia mahubiri. Liévin alipiga simu toka Kolwezi akauliza kama kuna habari, akaambiwa hakuna, akasema basi, akapiga tena baadaye kuuliza lile lile. Jumatatu simu iliita akiwa anamenya vitunguu. Ilikuwa namba ya Abigaïl, lakini sauti haikuwa ya Abigaïl.

"Nilibaona," Mama Mwenya akasema.

Estelle aliweka kisu chini. Akasema tu, "Ndiyo, mama."

"Kuko mistari."

"Ni mashini, mama. Ilikosa wino kidogo."

"Iko kwa bote babili."

"Ndiyo, mama. Kwa bote babili."

Huko Lukafu kuku alilia karibu sana na simu. Estelle alishika ukingo wa meza. Alikuwa tayari kuambiwa lolote kuhusu ile siku ya mlangoni, hata kuomba msamaha kwa namna aliyoitoa amri yake, ingawa si kwa imani yake. Hakuulizwa hilo.

"Na yako?" Mama Mwenya akasema.

"Yangu nini, mama?"

"Photo. Nilisema mapasa. Mama wa mapasa, banamuachaka ku mulango? Utume na yako. Kama unaweza, ulete wewe mwenyewe."

Simu ilikatika, kwa salio au kwa makusudi, Estelle hakujua. Alibaki ameishika sikioni mpaka Kyungu akamuuliza anaongea na nani.

Alivua aproni. Hakwenda kubadilisha nguo, aliogopa kwamba akienda chumbani ataanza kufikiri. Alisimama mbele ya ukuta wa nje, kwenye jua, akampa Kabange simu akamwonyesha pa kubonyeza. Kyungu akamwambia mama yake asicheke. Kabange akamwambia acheke. Estelle hakujua auweke vipi uso wake kwa ajili ya mwanamke yule, akaujaribu hivi na vile, na kabla hajaamua Kabange akabonyeza.

Katika picha anaonekana mdomo umefunguka kidogo na macho yametazama pembeni, kama mtu aliyesikia anaitwa.