Mjusi wa Mikono Miwili

Kitendawili. Sikia, wewe uliyekaa hapo, usitazame pembeni. Ni jepesi kuliko kapi la mtama, na miaka sitini nimelifungia kinywani mpaka taya zimechoka. Fikiri taratibu, sikuharakishi. Ukishindwa utanipa mji kama tulivyozoea, ila nakuonya mapema, usinipe mji unaoupenda, maana mimi leo nimeitoa miji yangu mchana kweupe na hadi sasa sijui kama imerudi yote.

Naanzia pale nilipolala. Nimekula ugali wangu wa muhogo na kisamvu, nimetandika mkeka kwenye kivuli cha kihenge, kile kihenge cha udongo cha marehemu mama ambacho zamani kilijaa mtama na siku hizi kuku ndio wanaotagia humo. Mjukuu wangu Shamila amefika jana kutoka chuoni, na leo asubuhi amenionyesha mkono wake, amechorwa tatuu, bawa moja la kipepeo. Nikamuuliza bawa la pili limeliwa na nani. Akacheka, akasema liko kwenye mkono wa rafiki yake anayelala naye chumba kimoja, wakishikana mikono ndipo kipepeo anakamilika. Nikamwambia mama yake akiona, kipepeo huyo ataruka kweli. Halafu akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kwenye jua, akasema, Na wewe Bibi, mjusi wako mbona kichwa tu, tena kimepauka kama nguo iliyofuliwa? Mkia uko kwa nani? Nikamwambia nina usingizi.

Mkia uko kwa Asumini. Wewe nakwambia, yeye sikumwambia. Tulikuwa na miaka kumi na miwili hapahapa Namkuyu, huku juu ambako maji hayapo, tukishuka bondeni pamoja na mitungi na kupanda pamoja, tukaomba tuchanjwe chale moja. Fundi wa chale, Bi Nangoma, akatulaza mikono ubavu kwa ubavu, wangu wa kulia, wake wa kushoto, akaifunga kwa kamba ya magome ili asikimbie mtu, akachanja mjusi mmoja juu ya mikono miwili, kichwa kwangu, mkia kwake, akapaka masizi ya mbegu za mbono. Lakini chale haikolei mara moja. Huchanjwa ikapona, ikachanjwa tena palepale, mara tatu, ndipo inakuwa nyeusi ya kudumu. Mara ya kwanza tulilia pamoja. Ya pili tukalia pamoja. Siku ya kuchanjwa mara ya tatu mimi niliingia ndani ya kihenge hiki nikajifukia kwenye mtama. Asumini akaja uani akaniita, Hadia, upo? Akaita mara tatu. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia anavyovuta kamasi, naye amekuja kunichukua ili tukiwa wawili tusiogope. Sikuitika. Akaenda akachanjwa peke yake, kidonda kikaharibika, mkono ukavimba mpaka begani, na siku ya nane wajomba zake wakambeba kwenye machela wakamvusha mto Ruvuma kwa ndugu za mama yake. Huko ng'ambo vita vikaanza, na hakuna aliyerudi na habari. Mpaka leo sijui kama alipona.

Basi nalala. Mgongo wangu umeegemea kihenge, na ule udongo unalainika kama unga uliotiwa maji, unanimeza pole pole, bega, sikio, miguu, nami napita upande wa pili bila kuinuka. Nakuta barabara. Ni barabara ya kushuka bondeni kwenye maji, naijua kwa vumbi lake jekundu, lakini nikishuka nakuta nimepanda, nikipanda nakuta nimeshuka, na jua limesimama utosini haliendi mbele wala nyuma, kivuli changu kimejikunja chini ya nyayo kama paka. Mbele yangu wanapita wanawake wenye mitungi kichwani, mstari mrefu usio na mwisho, nami nawakimbilia kwa sababu nasikia kwa mbali, mbali sana, sauti ndogo inaita, Hadia, upo? Nafungua kinywa niitike na kinywa kimejaa mtama. Natema mtama, unajaa tena. Namfikia mwanamke wa mwisho, namshika khanga, anageuka. Hana uso. Pale penye uso pako laini kama kitako cha mtungi, hakuna jicho, hakuna pua, mistari ya chale tu. Namwamkia shikamoo mama, mimi mzee hivi, wala sijui kama si mdogo wangu. Marahaba binti, ananijibu, na sauti inatokea ndani ya mtungi. Namuuliza kama amemwona msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mkia wa mjusi kwenye mkono wa kushoto. Anasema amepita, anamwita mtu, na ameshaita mara moja. Akiita ya tatu bila kuitikiwa atakwenda kwa fundi peke yake, na safari hii hutamwona tena hata usingizini. Namwambia nionyeshe njia, mama, nakuomba. Anatua mtungi, anakaa juu yake kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza, anasema, Kitendawili.

Nasema tega, ningesema nini.

Nikivua nguo hakivuki, nikioga hakitoki, nikifa nazikwa nacho.

Mimi hodari wa vitendawili, mimi niliyewashinda watoto wa darasa zima nilipokuwa la nne, najibu upesi kabla hajafunga neno, kivuli. Mtungi unacheka. Kivuli kinazikwa na nani, binti, umewahi kuona kivuli kwenye sanda? Nipe mji. Nampa Lindi, vivi hivi, kama watoto wanavyotoa mji uani, ni mchezo tu. Anasema amekwenda Lindi, amekula samaki, amelala na kuamka, na jibu ni chale, unayo mkononi nawe huioni. Ndipo nahisi mahali pametobolewa ndani yangu. Lindi ndiko nilikoishi na mume wangu miaka ishirini, ndiko nilikomzika. Nautafuta uso wake, siupati. Najua nilikuwa na mume kama mtu anavyojua alikula jana bila kukumbuka mboga.

Ananionyesha kwa kidevu asichonacho, na pale aliponyoosha pana mji. Naingia. Kuta za nyumba zote zinang'aa kama maji yaliyotulia, kila ukuta unaonyesha ukuta mwingine, na ndani ya kila ukuta kuna wasichana wengi wamesimama wamenyoosha mkono wa kushoto, na kila mkono una mkia wa mjusi, mweusi tii, umekolea mara tatu. Nalia kwa furaha, kisha nalia kwa kuchanganyikiwa, maana nani ndiye? Naanza kubandika mkono wangu kwenye mikono yao, mmoja baada ya mwingine, kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, na kila ninapobandika, kile kichwa changu kilichopauka kinageuka upande, kama mtoto anayekataa uji. Mara nasikia muwasho. Natazama. Mjusi wangu ameanza kutembea. Amepita kiwiko, anapanda begani, ananihama. Namziba kwa kiganja, namwambia tulia, tafadhali tulia, tukipotezana na wewe Asumini atanijua kwa nini? Na kutoka ndani ya kuta zote kwa pamoja sauti inaita, Hadia, upo? Ni mara ya pili. Nataka kuitika na mtama umenifika kooni. Wasichana wote wanashusha mikono, wanageuka kuondoka, na mji mzima unanipa mgongo.

Yule mama yupo kwenye njia panda, amekaa juu ya mtungi wake kama hajawahi kuinuka. Naanguka miguuni pake. Simwamkii tena, adabu imeniishia njiani. Anasema, Kitendawili, nami nasema tega, na barabara nne zinajisokota kuzunguka miguu yetu kama nyoka wanaoota jua.

Nyumba ya mtama haina dirisha, na humo kati ya punje kuna punje moja yenye masikio.

Hiki nakijua. Nakijua kabla hajamaliza, mwili wote unakijua, jibu ni mimi, jibu ni Hadia ndani ya kihenge anasikiliza mwenzake akimwita. Ni kusema tu. Lakini aibu, wewe, aibu inanishika ulimi kwa vidole viwili. Nazungukazunguka, nasema labda ni fukusi, labda ni panya. Mama anasema, Fukusi ana masikio? Umezeeka bure, binti. Unajua na unajifanya hujui. Nipe mji. Nampa Masasi. Naitoa Masasi kwa kinywa changu mwenyewe ili nisiseme neno moja la kweli, na hapohapo pametobolewa tena, pakubwa zaidi, maana Masasi ndiko nilikojifungua mwanangu wa kwanza, na sasa nina titi lililokwisha nyonyesha na sijui lilimnyonyesha nani. Naita jina lake, sina jina. Nabaki nashika hewa. Namwambia nirudishie, chukua mkufu, chukua macho yangu, nirudishie mtoto. Ananiambia mji ukishatolewa haurudishwi na aliyepewa, hurudishwa na jibu. Halafu anasema kwa upole, mara ya kwanza anasema kwa upole, Umebakiwa na mji mmoja.

Namkuyu. Nikiitoa Namkuyu, basi bonde limekwenda, mitungi imekwenda, kamba ya magome imekwenda, na Asumini hatakuwa mtu aliyepotea tena, atakuwa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Hatabaki hata wa kumsikitikia. Nakimbia. Naikimbia njia ya kwanza inanirudisha, naikimbia ya pili inanirudisha, ya tatu inanibana, kuta zake zinakaribiana, zinakuwa duara, zinakuwa udongo, na miguu yangu inazama kwenye kitu kikavu kinachotiririka. Nimo ndani ya kihenge. Mtama umenifika kifuani. Juu kwenye mdomo wa kihenge naona duara la mbingu, na yule mama amekaa ukingoni ananing'iniza miguu. Mjusi amefika shingoni, namsikia anatafuta njia ya kunitoka. Na nje, nje ya ukuta huu ambao kidole kingeutoboa, nasikia nyayo za mtoto juu ya majani makavu. Zinakuja. Nasikia anavyovuta kamasi.

Mama anainama. Kitendawili.

Mama, ngoja.

Jepesi kuliko kapi la mtama, mwenye nalo amelifungia kinywani miaka sitini, na siku likitoka watu wawili watapumua. Nijibu au nipe mji.

Nyayo zinasimama. Mtama unapanda, umefika kidevuni, kila punje ni baridi. Kinywa kinataka kusema Namkuyu, naapa, kimeshatengeneza midomo, kwa sababu kutoa ni rahisi na nimekuwa mtoaji siku zote, nimetoa kuku, nimetoa mashamba, nimetoa pole kwenye misiba ya watu, na nikitoa hiki cha mwisho sitaumia tena, sitakumbuka kwamba kulikuwa na kitu cha kuumia. Kingetoka hivi hivi kama usingizi. Lakini mkono wangu wa kulia, ule ulio chini kabisa penye giza la mtama, unahisi mkono mwingine ubavuni mwake, wa moto, umevimba, umefungwa na wangu kwa kamba ya magome. Mjusi anashuka mbio kutoka shingoni kurudi mahali pake.

Na hapo naamka, au nasema naamka, kabla sijajibu. Nipo kwenye mkeka, jua liko palepale utosini, kuku anatoka kihengeni analalamika. Namtazama vizuri nipate uhakika, ni kuku wangu yule mwekundu asiye na mkia. Lakini kwenye khanga yangu kuna punje za mtama, na kihenge hiki kina miaka kumi hakijaona mtama. Najaribu kuukumbuka uso wa mume wangu, unakuja nusu. Mkono wa kulia unawaka moto. Naugeuza kwenye jua, na kichwa cha mjusi ni cheusi tii, kimeinuka, kingali kibichi, na masizi yananishika vidoleni.

Nje ya ukuta wa kihenge, upande nisioweza kuuona, nyayo zimesimama juu ya majani. Huenda ni Shamila amekuja kuniuliza tena habari ya mkia. Huenda nikizunguka nitamkuta na bawa lake moja na simu yake mkononi, na huenda hakuna Shamila, huenda sijazaa wala sijazeeka, ni mtama tu umenilevya na sasa ndiyo ile siku. Sijui, nakwambia kweli yangu, na sizunguki kuchungulia.

Hadia, upo?

Ni mara ya tatu. Natema punje ya mwisho.

Nipo, Asumini. Nimo humu kihengeni, nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nisubiri, twende wote.