Mgonjwa Aliyekwisha Kuponywa

Kinyozi alipoanza kulisimulia kanisa jinsi mkewe alivyopona, katika masimulizi hayo mkewe alikuwa mgonjwa tu kama wagonjwa wengine. Baada ya muda akawa mahututi. Mvua zilipokatika alikuwa ameshakata roho, amefunikwa shuka, na seremala ameitwa kumpima urefu. Seremala mwenyewe alisali humo humo, benchi la mbele. Mara ya kwanza aliposikia habari hizo alikohoa, akaangalia viatu vyake. Mara iliyofuata alinyamaza. Baadaye alisimama mwenyewe akaongezea kwamba ubao ulikuwa wa mninga, na kwamba futi ilimponyoka mkononi maiti ilipopiga chafya.

Watu walicheka hadi machozi, kisha machozi yakageuka ya kweli. Desturi ya pale ilikuwa hivi: msimuliaji akimaliza, yule aliyetendewa muujiza husimama na kugeuka taratibu pande zote, ili hata waliokaa nyuma waone kwamba ni mzima. Mke wa kinyozi alisimama, akageuka, akakaa. Wakambandika jina la Mama Ushuhuda, likamganda, hata waliomletea nguo za kushona wakasahau alikuwa akiitwa nani zamani.

Uvimbe ulikuwepo kweli, chini ya mbavu za kushoto, na ulitoweka kweli. Hilo halikumpa shaka hata siku moja. Tatizo ni kwamba sasa ulikuwa umerudi.

Aliujua kwa nguo. Gauni lake la bluu la ibada lilianza kumpwaya mabegani huku likimbana kiunoni, upande mmoja tu. Basi kila Jumamosi alilifumua, akalipunguza huku, akaliachia kule, akalipiga pasi, na Jumapili likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Akina mama wa kwaya walimsifu kwamba baraka zimemkubali. Aliitikia amina, akakaa upande usiouma.

Kufa hakukumtisha sana. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba hakuna aliyemwombea. Wagonjwa walipoitwa mbele, yeye ndiye aliyeombwa awawekee mikono, kwa kuwa, dada, wewe ulishavuka. Aliwashika vipaji vya nyuso, wengine wakiwa na homa ndogo kuliko yake, huku akitamani mtu yeyote, hata mtoto, amshike cha kwake.

Siku chache kabla ya kongamano, ambako wageni wa makanisa mengine walialikwa waje kuisikia habari yake, alimfuata mumewe kinyozini saa za jua kali, wateja walipokuwa hawapo.

"Baba watoto, uvimbe umerudi."

Kinyozi alikuwa akipuliza nywele kwenye mashine. Aliendelea kupuliza, ingawa ilikwishatakata. Akauliza kama si gesi ya tumbo. Akauliza kama amemwambia mtu. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akajikuta anatazamana na uso wake kwenye kioo, akageuza kiti.

"Kongamano likipita tutakwenda hospitali," alisema. "Kimya kimya."

"Hospitali nitakwenda. Nataka na kuombewa."

"Si tutaomba, mimi na wewe?"

"Wewe huombi, baba. Wewe unasimulia."

Kinyozi alicheka kidogo, maana maneno yalimkaa vizuri, kisha kicheko kikamkatikia. Akamkumbusha fundi baiskeli, yule mlevi wa kulala mitaroni, aliyeacha pombe siku alipoisikia habari hiyo, na sasa alikuwa mlinda mlango wa kanisa. Je, wakamwambie nini yule? Mkewe akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya kongamano ukumbi ulifurika. Kinyozi alisimulia kuliko alivyowahi kusimulia. Jeneza lilikwishapakwa vanishi, wabebaji wakagombana nani ashike wapi, na hata mkewe, kwa muda, alimwonea huruma yule mwanamke.

"Simama, mama, wakuone."

Alisimama. Hakugeuka.

"Niliumwa, Mungu akaniponya. Hilo ni kweli," alisema. "Sasa naumwa tena. Naomba mniombee kama mnavyowaombea wagonjwa."

Mchungaji alikichukua kipaza sauti, akasema kwa upole kwamba adui hapendi shuhuda, na neno hilo kanisa halilipokei. Kwaya ikadakia wimbo wa kasi. Waliokaa karibu naye walivuta magoti ili apate kukaa, na mmoja akamnong'oneza kwamba angeanzia kwanza kwenye kikundi cha akina mama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kule mlangoni alimwona fundi baiskeli akiinuka na kutoka. Aliona mgongo tu, asijue anakwenda kulia au kunywa.

Ibada ilipokwisha watu walimpita wakitazama simu zao. Alibaki kwenye kiti, kwa sababu kuinuka kulikuwa kazi. Mumewe alikuja mwishoni kabisa, akakaa kiti cha pembeni, kisha akahamia cha karibu.

"Ni wapi?" aliuliza.

Mkewe akamshika mkono, akauweka chini ya mbavu. Kinyozi aliuondoa haraka kama aliyegusa pasi ya moto. Akaona haya. Akaurudisha mwenyewe.

Alisafisha koo na kuanza kwa ile sauti yake ya jukwaani, ya kuita mbingu na nchi.

"Usipaze sauti," mkewe alimwambia. "Niko hapa hapa."

Akainamisha kichwa. Kisha midomo yake ikaanza kutembea. Alimwambia Mungu nini, mkewe hakusikia. Alisikia maumivu yake yako palepale, na vidole vya mumewe viko juu ya gauni, huku wapanga viti wakiwazunguka wapate kupita.