Mataulo ya Safu ya Tatu

Kiroboto hakuwa msichana wa kukaa mahali pamoja. Jina hilo alipewa na dada yake wakiwa wadogo, na likamganda kwa sababu lilimfaa. Alianza ushonaji, akauacha sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kitambaa. Akaanza ususi, akamwacha mteja nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko wazi, akisema anatoka mara moja kununua nyuzi. Mpaka leo yule mama akimwona barabarani hujishika kichwa.

Kazi iliyomweka kidogo ni udobi, na hiyo ni kwa sababu duka lilikuwa la dada yake: chumba chenye mashine za kufulia, meza ya pasi, na rafu ndefu ya mafurushi ya wateja. Sasa dada alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka, na alihitaji mtu wa kumwachia ufunguo. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mwanamke mmoja wa mtaa wa pili. Kiroboto aliposikia, alikuja juu.

"Yaani dada, mimi niko hapa unaniona, halafu unakwenda kumpa mtu baki?"

"Nionyeshe kitu kimoja ulichokianza ukakimaliza," dada akasema, pasi haijasimama. "Kimoja tu, mdogo wangu. Hata kikombe cha chai."

Kiroboto akatazama dirishani. Chai yake ya asubuhi ilikuwa pale, nusu kikombe, imepoa.

Wiki ile ile daktari wa meno, mteja wao wa makoti meupe, alikuja akisimulia mashindano yatakayofanyika kwenye bwawa nje ya mji. Unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, bila kupumzika katikati. Ni masafa mafupi, alisema, hata watu wa kawaida wanaweza.

"Niandikishe na mimi," Kiroboto akasema.

Dada akaweka pasi wima. "Hicho ndicho kitu?"

"Hicho ndicho."

"Haya. Ukikimaliza, ufunguo wako."

Akafanya mazoezi kwa baiskeli ileile ya kupelekea nguo kwa wateja. Siku ya mashindano aling'oa kapu la mbele ili iwe nyepesi, akaining'iniza kwenye safu ya tatu ya vyuma vya kuegeshea, katikati ya baiskeli nyembamba zinazong'aa.

Kilichomtesa ni kungoja. Waandaaji waliwaita mapema, kisha wakaanza kupimapima maikrofoni. Wenzake wa safu ile walikwenda ukingoni kujipasha moto. Yeye akabaki, anakaa, anasimama, anafunga kamba za viatu, anazifungua. Mikono ilikuwa inamwasha. Kila mshiriki alikuwa amepewa taulo jeupe, na watu walikuwa wameyatupa hovyo: moja juu ya usukani, jingine limeviringwa kama mtu aliyelala na njaa, viatu huku, kofia za baiskeli kule.

Akaanza na la kwake. Viatu chini, kofia juu, taulo likazungushwa, kona zikaingizwa ndani. Furushi safi. Akalitazama la jirani likamkera. Akalikunja, viatu na kofia ndani. Kisha la daktari wa meno. Hakusimama mpaka safu nzima ikaisha, mafurushi yote yamekaa mstari mmoja mwishoni mwa safu, kama rafu ya dukani. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile moyo wake ukatulia. Wakaitwa majini.

Majini kulikuwa na ugomvi. Kisigino cha mtu kilimpiga miwani ya kuogelea, kiwiko cha mwingine kikampata shingoni, naye akameza maji mpaka akatoa machozi. Kulikuwa na mashua ya waokoaji. Ukiinua mkono tu wanakuja kukutoa. Mkono wake ulijiinua wenyewe mara mbili, na mara mbili akaugeuza ukawa mkono wa kuogelea. Ukingoni alimwona dada, amesimama na mwavuli, mkono mmoja kiunoni. Akaendelea.

Alitoka miongoni mwa wa mwisho, akakimbilia safu ya tatu, akasimama.

Ilikuwa kama duka lililoingiliwa na mbuzi. Mataulo yamesambaa, watu wamechakura furushi baada ya furushi wakitafuta vitu vyao, kwa maana yote yalifanana, na sheria ilikuwa huruhusiwi kugusa baiskeli kabla hujafunga kofia kichwani. Wengi walikwisha kupata vyao wakaondoka wakilaani. Aliyebaki ni daktari wa meno, amelowa, kiatu kimoja mguuni.

"Ni mhuni gani huyu?" alikuwa akisema. "Nimeviacha chini ya gurudumu, nimekuta vimefungwa kama shuka za hospitali."

Kiroboto aliikuta kofia yake, akaivaa. Akavaa viatu. Angeweza kuondoka, na miguu ilikuwa inamsukuma aondoke. Barabara ilikuwa wazi.

"Ni mimi, daktari."

"Wewe?"

"Mikono ilikuwa inaniwasha."

"Ikikuwasha si ujikune."

Kiroboto akapiga magoti, akaanza kukung'uta mataulo moja baada ya jingine. Ilichukua muda. Kiatu kilikuwa kimenasa ndani ya taulo lililokwisha kutupwa nyuma ya uzio. Daktari akakivaa bila asante, akapanda, akapotea. Kiroboto akaingia barabarani na baiskeli yake, wa mwisho kabisa.

Nyuma yake likaingia gari la kuokota waliochoka. Lilimfuata polepole, redio inaimba.

"Dada, panda tu," dereva akasema. "Nafasi ipo, na maji baridi yapo."

"Endelea na safari yako, kaka."

"Safari yangu ni wewe."

Akakanyaga. Baiskeli ya nguo ililia kila kona. Kila mlima alihesabu sababu za kuacha, na kila mteremko akazisahau. Aliposhuka kukimbia, miguu ilikuwa kama ya kuazima, imekataa kumjua. Alikutana na daktari akirudi upande wa pili. Daktari akamwinulia dole gumba.

Kengele ya kufunga ililia akiwa bado njiani. Alipokata kona ya mwisho, tao la kumalizia lilikuwa limetolewa upepo, limelala chini kama godoro. Vijana walikuwa wanapakia viti.

"Tumeshafunga, dada," mmoja akamwambia. "Pumzika tu."

Hatua zikalegea. Kama wamefunga, anamkimbilia nani? Kivuli kilikuwa pale pembeni. Ndipo akaona kiti kimoja cha plastiki katikati ya mstari, na dada yake juu yake.

"Mama, tunaomba kiti," kijana alikuwa anasema.

"Nimekikalia."

"Mashindano yameisha, mama."

"Ya kwenu. Ya kwangu yanakuja pale."

Kiroboto akauvuka mstari, akajitupa chini miguuni pa dada yake, anahema.

"Mataulo yale ni wewe," dada akasema.

"Nani amekwambia?"

"Kona zimeingizwa ndani. Nani mwingine hapa anaingiza kona?" Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa na joto na jasho, kama uliokuwa mkononi tangu asubuhi.

Kiroboto akauchukua, akasimama palepale. "Twende tukafungue."

"Leo Jumapili."

"Najua. Ila kuna shuka za mteja nimeziacha kwenye maji."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Dada akanyoosha mkono kuutaka ufunguo wake. Lakini Kiroboto alikwisha kutangulia, anachechemea, ngumi imefungwa, anatafuta ilipo baiskeli.