Masera Rachelle aenda kusali Musonoi

Muhula mpya wa masomo ya dini ulipoanza, Pasta Badibanga aliingia darasani na koti lake la kufungishia harusi. Alikuwa na kanisa lake mwenyewe Musonoi, pembezoni mwa mji wa Kolwezi, kando ya mashimo ya mgodi, kanisa la mabati na viti vya plastiki. Alijiandikisha chuo kikuu kusomea maîtrise, shahada ya uzamili, kwa sababu mbili: Mungu alimwambia, na mkewe Tina alimwambia kwamba siku hizi kila pasta wa Kolwezi anaitwa daktari.

Muhula uliopita walisoma Kiebrania. Kiebrania hakikumdhuru, wala yeye hakukidhuru. Sasa Profesa Lukusa, mama mwembamba asiyecheka, akawaeleza kazi ya muhula huu. Kila mwanafunzi ataenda kusali mahali pasipo pake, atazame, aulize waumini maswali, kisha aje asimulie.

"Si kuhukumu," alisema. "Na si kuokoa mtu." Hapo alimtazama Badibanga.

Wakapiga kura. Badibanga akapata parokia ya Wakatoliki ya mjini. Masera Rachelle, mtawa aliyekaa dirishani akila karanga, akafungua kikaratasi chake, akakisoma, akageuka.

"Tata Pasta, mi nimevuta kanisa yako."

"Yangu? Masera, kwetu Roho anashukaka na nguvu. Unipe kwanza wakati nitayarishe batu."

"Usitayarishe mutu. Mi nitaikala nyuma."

Badibanga alitayarisha. Binamu yake Gracien, mwenye baa, alimwazima spika mbili ambazo bado zilinuka bia. Mahubiri aliyapanga katika sehemu tatu, na kila sehemu akaizalisha sehemu nyingine. Usiku na mchana aliomba muujiza. Hakuomba makubwa, hata kipofu wa jicho moja angetosha.

Jumapili ilipofika, Masera Rachelle alikaa nyuma kama alivyoahidi. Badibanga alikuwa bado katika sehemu ya kwanza umeme ulipokatika. Bwawa la Nzilo haliko mbali na Kolwezi, lakini umeme wake una safari zake. Akaendelea kwa koo lake mwenyewe, akishindana na malori ya mgodi yaliyopita nje, mpaka sauti ikabaki kama ya jogoo mwenye mafua. Kipofu hakutokea.

Katikati ya sehemu ya pili, jirani mmoja akaingia, akamnong'oneza: Tata Mulumba, mume wa muumini wao Mama Mbelu, aliyeugua tangu mvua zilipoanza, amefariki. Badibanga akafunga Biblia. Akakamata viti viwili, akavitia kichwani, akatoka kwenda msibani. Kanisa zima likabeba viti, likamfuata. Masera naye akabeba cha kwake.

Kwenye kilio Badibanga alikaa kwenye mkeka karibu na mjane. Hakusema neno, kwani sauti ilikuwa imekwisha. Mama Mbelu alipolia, alimshika mkono. Alipoacha kulia, aliendelea kuushika. Jua likazama akiwa palepale. Rohoni alikuwa akifikiria sehemu ya tatu, iliyokuwa nzuri kuliko zote, na Masera hataisikia.

Siku ya kusimulia ilipofika, Badibanga alitangulia. Alisema huko parokiani kila kitu kilikwenda kwa utaratibu, ila padri alihubiri kwa muda mfupi kuliko matangazo ya kwao Musonoi, hata yeye Badibanga akadhani padri ana homa.

Masera Rachelle akasimama. Alikuwa amerudi Musonoi mara kadhaa, akaongea na watu majumbani mwao.

"Niliuliza batu kwa nini banasalia pale," alisema. "Bamoja balisema ni karibu na nyumba. Lakini bengi balinijibu: kukiwa kilio, pasta anakuya. Anakuya, anaikala, hahubiri."

Darasa likacheka. Badibanga hakucheka.

"Na mahubiri?" aliuliza. "Balisema nini juu ya mahubiri?"

"Niliuliza, Tata Pasta."

"Eeh?"

"Balisema ni ya murefu."

Profesa Lukusa akamuuliza kama kuna kosa lolote la kusahihisha katika maelezo hayo. Badibanga alisimama, koti likimbana mabegani. Alitaka kusema juu ya umeme. Alitaka kusema juu ya sehemu ya tatu. Badala yake aliukumbuka mkono wa Mama Mbelu.

"Hakuna kosa," alisema, akaketi. Masera akamsogezea karanga.

Jumapili iliyofuata alihubiri kwa ufupi: Mungu hakimbii mtu aliyefiwa. Alisema hilo, akalieleza kidogo, akasema amina. Hakuna aliyeinuka. Watu walikaa wakimtazama, mikono mapajani. Mwishowe Mama Mbelu, na nguo zake nyeusi, akasogea mbele.

"Pasta, uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Niko muzima."

"Na mahubiri iko wapi?"

"Njo ile nilisema."

"Ile?" Mama Mbelu akawageukia wenzake, kisha akamgeukia tena pasta. "Shiye tuliwaza ni salamu."

Badibanga akatazama viti vyote vile, na watu waliovikalia, hakuna hata mmoja aliyetazama mlango. Akavua koti, akafungua Biblia tena, akawapa sehemu ya tatu.