Yaya anasema anarudia

"Nyamaza! Mutoto yangu anarudia, na weye unaleta kilio mu nyumba?"

"Tata, nani alisema anarudia?"

"Yeye mwenyewe! Na kinywa yake!"

Tata Kalenga alipiga meza, sahani ya bukari, ugali yetu, iliruka. Tuko tunapigana tu juu ya ile neno moja: kurudia, kurudi kwetu nyumbani. Yaya Ntumba, mukubwa yangu, balimufunga ku opitali ya bawazimu, nyuma ya reli. Alipiga muntu na nyundo, juji akasema: hapana kumutia mu prizo, kichwa njo inagonjwa. Leo, kiisha misa, tulienda kumuona. Akanipa bilato byake bipya bya kuvaa ku miguu. Mama akamupa shapele yake, rozari ya kusali. Tata, saa. Akatuomba pardon kwa yote, akacheka: "Mi narudia."

Sasa Mama Ngalula eko anatandika kitanda ya Yaya.

"Juji alikatala, Tata! Mbelu, ule anfirmie anayechunga bagonjwa, aliniambia pa mulango. Balimukatalia kutoka. Kiisha pale njo akatulia."

"Si unasikia? Alitulia! Mbele hakulala, hakukula. Sasa anacheka. Mungu alimuponyesha."

"Muntu balimukatalia kurudia kwabo, anagawa bitu byake, anacheka. Anarudia wapi?"

"Sitwaye Diplome, muntu ya masomo! Bila kazi, lakini unapita munganga akili!"

"Ku kilio ya Koko, siku ya kumuzika kule Lubudi, weye mwenyewe ulisema nini mbele ya bantu? 'Mama yangu alirudia.'"

Mama aliacha shuka. Ilianguka chini, hakuiokota.

Tata alisema pole pole: "Usitaje kifo hapa. Ukienda kumuuliza, utamutia ile wazo mu kichwa."

"Eko nayo, Tata. Eko nayo peke yake, njo mubaya. Nitamuuliza wazi: Yaya, unataka kufa? Na nitaambia Mbelu basimuache peke yake leo."

"Saa ya kuona bagonjwa ilipita."

"Nitapiga mulango mpaka bachoke."

Mama alikuya, akanitia shapele mu mukono. "Umurudishie. Umuambie mi sitaki zawadi ya namna hii. Namutaka yeye."

Nikakamata bilato pia. Nilikuwa nimeshabijaribu, binanitosha, muzuri kabisa. Nikabifunga kamba, nikabitia pa bega.

"Mujinga," Tata alisema. Lakini alikuwa anavua saa ya Yaya. Akaiweka pa meza, karibu na mi, hakuniangalia.

Nikaikamata. Nikatoka, nikafunga mulango.