Eda ya Mume Aliye Hai

Mzee Uthmani alipostaafu udereva wa serikali, mkewe Zuena alidhani sasa watapumzika. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kazi ya wodi ya wazazi, na mipango alikuwa nayo tele: nyumba ya Magarama, pale Gitega, ni yao, watoto wamekua, basi watakuwa wakienda Muyinga kwa binti yao Riziki, wanabembeleza wajukuu, halafu wanarudi Gitega kupumzikia uchovu wa wajukuu. Uthmani akamsikiliza vizuri, akavaa koti, akaenda kuweka jina lake kwa wagombea wa baraza la komini, yaani baraza la mji wao.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku," Zuena alimwambia. "Wewe unafuga maadui?"

"Mi naenda kusema mambo ya maji na barabara tu."

Huo ulikuwa mwaka 2015, na aliyekuwa Burundi mwaka ule hahitaji kuelezwa maana yake. Asiyekuwepo na ajue tu kwamba watu walikuwa wakilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Uthmani, kwa bahati yake au kwa balaa yake, alishinda kiti. Kikao cha kwanza cha baraza, ikapigwa kura ya kumkubali mkuu wa komini, mikono yote ikapanda juu. Wake ulibaki magotini. Hakutukana mtu, hakutoa hotuba. Lakini vijana wa chama tawala waliosimama mlangoni waliuona mkono ule, na kabla ya magharibi Magarama nzima ilikuwa na habari zake.

Tangu hapo hofu ikahamia kwa Zuena na mizigo yake yote. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, anachungulia dirishani. Mtu akipiga hodi, kwanza anamtazama mumewe, ndipo anaitikia. Kwa hiyo mwezi wa nane Riziki alipojifungua, Zuena alishukuru mara mbili, kwa mtoto na kwa sababu ya kutoka mjini. Nyumba wakamwachia Radjabu, kitinda mimba wao, fundi cherehani. Wao wakapanda gari la kupitia Karuzi.

Walipata siku chache za raha. Kisha simu ya Zuena ikalia, namba ni ya Radjabu, sauti ni ya Matata. Huyu Matata alikuwa mkuu wa vijana wa chama mtaani kwao, mtoto wa jirani, ambaye tangu utoto kila Idi alikuwa akija kuchukua sahani ya pilau.

"Mama Riziki, habari ya Muyinga? Radjabu iko hapa na sisi. Hana shida. Mwambieni mzee aje amchukue yeye mwenyewe."

Simu ikakatwa. Zuena alikaa chini palepale, mtoto mchanga akiwa mapajani, na Riziki akamchukua mtoto.

Uthmani alisimama akatafuta viatu vyake. Anataka kwenda. Zuena akajiweka mlangoni. Akienda watamshika, na wakishamshika nani atawalazimisha wamwachie Radjabu? Mkwe wao, Hamissi, alikuwa mbadilishaji fedha pale mpakani Kobero. Aliwajua wapagazi na vinjia vyao vyote. Akasema mzee anaweza kuwa ng'ambo, Kabanga, upande wa Tanzania, kabla jua halijatua.

"Na mwanangu?" Zuena aliuliza.

Uthmani alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi, anakitazama. Mwishowe akasema, "Maiti haiitwi. Semeni nimekufa."

Walimtazama wakidhani hofu imempanda kichwani. Kumbe alikuwa ameshapanga yote. Waislamu hawalazi maiti. Mtu hufa asubuhi, alasiri akawa chini, na hakuna wa Gitega atakayelalamika kwamba hakuitwa maziko. Kaburi nalo lipo. Wiki ileile utingo mmoja wa lori alikuwa amekufa Kobero bila ndugu, watu wa msikitini wakamzika Muyinga, na udongo ulikuwa bado mbichi. Atakayetaka kuona, Hamissi atampeleka.

Zuena alikataa katakata. Mke kusimama mbele ya watu akatamka kwamba mumewe amekufa, naye yuko hai anakula! Alimwogopa Matata, lakini Mungu alimwogopa zaidi.

"Unataka nikuue kwa mdomo wangu?"

"Heri mdomo wako kuliko mikono yao," Uthmani alisema. "Ukimaliza eda, mchukue Radjabu mje. Mi niko hapo Kabanga tu."

Alikubali kwa ajili ya Radjabu. Alipoanza kulia, mzee alimshika bega akamwambia machozi hayo asiyamalize Muyinga, ayabebe, Magarama ndiko yatakakotakiwa. Hata siku ile alitaka kumchekesha. Kisha akamfuata Hamissi, na mfuko wake wa nailoni wenye mashati mawili.

Zuena aliingia Gitega amevaa nyeupe kichwani mpaka miguuni. Hakuhitaji kuigiza. Alipowaona majirani wakija mbio alipiga ukelele uliomtoka tumboni, kwa sababu aliogopa, na watu wakasema maskini, alimpenda sana mumewe. Mikeka ikatandikwa uani, maji ya chai yakatiwa motoni. Na Matata akaja. Alivua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu, akazungumza na mjane kupitia pazia la chumba.

"Mwihangane, mama, poleni sana. Mzee alikuwa mtu wa watu. Amekufa na nini?"

"Moyo."

"Na kaburi iko wapi?"

"Muyinga, makaburi ya Waislamu. Mkwe wangu atakuonyesha."

Nyuma ya pazia Zuena aliuma pindo la khanga, meno yasije yakasikika yanavyogongana.

"Tutakwenda kuzuru," Matata akasema.

Walikwenda kweli. Walisimama juu ya kaburi la utingo wa watu, wakaridhika, na Radjabu akaletwa nyumbani, anachechemea, jicho moja limeziba. Alimwangukia mama yake miguuni akamlilia baba yake kwa sauti. Zuena akafungua kinywa amwambie, akakifunga. Radjabu hakuwahi kuweza kuficha kitu. Alipokuwa mdogo, akiiba sukari uso wake ndio uliokuja kushtaki. Akijua, Matata atausoma uso huo siku ya kwanza. Basi mama alimwacha mwanawe aomboleze mtu aliye hai, na akajichukia kila alipomsikia akivuta kamasi kule ukumbini.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane hajipambi, hapaki hina, hatoki ila kwa dharura, hasafiri. Kwa Zuena ilikuwa ni kifungo alichojihukumu mwenyewe. Matata akageuka kuwa mlezi wa mjane: mara ameleta sukari, mara mchele, na kila akija macho yake yanazunguka ukumbi mzima, yanapanda juu ya kabati, yanashuka chini ya viti. Zuena alimshukuru kupitia pazia.

Kisha siku moja mchana akaingia Ghislaine, Mkongo, jirani muuza vitenge, aliyekuwa akifuata bidhaa zake hadi Kabanga. Alifunga mlango wa chumba akauegemea kwa mgongo.

"Mama Riziki, mi naogopa. Naona mufu."

"Mfu gani?"

"Muzee yako. Ku Kabanga, ku garage. Iko anakunywa chai."

Zuena alimdaka mkono akaubana kwa nguvu zake zote. Siri sasa ilikuwa kwenye kinywa cha mtu wa sokoni, na roho ya Radjabu pamoja nayo. Ghislaine akajikalisha kitandani taratibu.

"Usiogope, mama. Mi nilitoka Uvira na miguu, mutoto ku mugongo. Najua kufunga kinywa."

Na alikifunga. Badala yake akawa anabeba salamu, za mdomo tu. Uthmani anakula vizuri, Uthmani anawafundisha vijana wa gereji kusikiliza injini, Uthmani anauliza, "Matanga yangu yalikuwa na nyama au mlinilia maharage?" Zuena alicheka. Alicheka ndani ya nguo nyeupe, sauti ikamtoka, na papo hapo akashikwa na hofu, akaigeuza kikohozi.

Hiyo ilikuwa salamu ya mwisho ya kuchekesha. Safari iliyofuata Ghislaine hakukaa.

"Haiko bien, mama. Homa inamukamata, anakonda. Banamupeleka ku dispensaire, banamurudisha. Anasema usiende, ungoje eda iishe."

Ni mimi, Zuena alijiambia, nilimtamkia kifo. Usiku huo hakulala, na asubuhi Radjabu alipotoka kwenda kwenye cherehani yake, alifunga nguo mbili ndani ya khanga na akiba yake ndogo, akajitanda, akatoka. Eda na ivunjike. Muyinga si mbali, na Kobero ni hapo mbele yake.

Alifika langoni. Ng'ambo ya njia, dukani, Matata alikuwa amekaa juu ya kreti, chupa ya Fanta mkononi.

"Mama Riziki! Eda imekwisha?"

Aliuliza kwa heshima kabisa, na heshima hiyo ndiyo iliyomtisha Zuena.

"Bado. Chumvi imeniishia."

"Rudini ndani, mama. Mjane hatumwi dukani na sisi tuko hapa."

Alileta chumvi yeye mwenyewe. Aliiweka mkononi mwa Zuena, akautazama ule mzigo wa khanga, akautazama tena. "Na Radjabu hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Vizuri. Tunampenda sana Radjabu."

Zuena alirudi chumbani, akafungua mzigo, akazirudisha nguo mahali pake. Mume yuko kule anaumwa, mtoto yuko hapa mikononi mwa watu, na yeye ni mmoja. Alikaa. Alimwomba Mungu asilipokee neno lile, kwamba lilikuwa neno la hofu, halikuwa dua. Aliomba akiwa amekaa, akiwa amelala, akiwa anachambua mchele wa Matata. Ghislaine alikuwa amekwenda tena ng'ambo, na safari hii akawa harudi.

Mwaka ukafika ukingoni na eda ikaisha. Wanawake wa Magarama wakajaa uani na mabeseni, udi na manukato. Walimwogesha, wakamvua nyeupe wakaitoa sadaka, wakamvika kitenge kipya chenye maua mekundu. Radjabu alikuwa ameshashika nafasi mbili kwenye gari la Muyinga la kesho yake, kwenda kumwona dada yake, ndivyo alivyodhani. Kesho, Zuena alijiambia, kesho nitamweleza njiani, tukishapita Karuzi. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kwa hofu na kwa furaha pamoja, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kukolea hina. Matata naye alikuwepo, amekaa na wanaume, ameleta kreti nzima ya soda.

Ghislaine akaingia langoni na furushi lake kichwani. Hakulitua. Alipita katikati ya wanawake wanaoimba, akainama kama mtu anayetoa pongezi, mdomo kwenye sikio la Zuena.

"Banamuzika jana, mama. Alikuwa anakuita."

Zuena alifumbua kinywa, na kilichotoka kiliwanyamazisha waimbaji. Alilia kwa sauti ambayo hakuwa amelia siku ile ya matanga, wala siku nyingine yoyote.

"Mwacheni," mzee mmoja wa kike akasema. "Ndiyo anamalizia. Machozi ya mwisho hayo."

Radjabu alikuja mbio akapiga magoti mbele yake. "Mama, basi. Baba amepumzika siku nyingi. Mama, umeshamlilia, inatosha."

Alimtazama mwanawe. Juu ya bega lake alimwona Matata amesimama, chupa mkononi, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Mwihangane, mama," Matata akasema. "Imekwisha sasa."

"Imekwisha," Zuena akaitikia.

Alijifuta uso kwa kitenge kipya. Wanawake wakarudia wimbo wao, mmoja akasogeza bakuli la hina. Mkono wa kushoto ulikuwa bado haujapakwa. Zuena akaunyoosha, wakaupaka.